Kabla ya Tone la Kwanza

Mbio za magari za Marekani ziitwazo NASCAR zina sheria moja ambayo mpenzi wa mbio wa huku Majita, mkoani Mara, akielezwa hucheka kwanza, halafu hunyamaza. Mvua ikinyesha kwenye uwanja mkubwa wa mduara, magari husimamishwa kwa bendera nyekundu. Kama mizunguko haijafika nusu, watu wote wanangoja, ikibidi mpaka kesho yake. Nusu ikiwa imepita na mvua haikatiki, wenye mashindano wanaweza kufunga kazi, na aliyekuwa mbele saa ile anapewa kombe lake.

Kicheko kinaeleweka. Huku kwetu Bukima mvua haisimamishi kitu isipokuwa mkutano wa hadhara na uanikaji wa dagaa. Haisi inakwenda, pikipiki inakwenda, lori la mchanga linakwenda, na abiria aliyelowa hadi kwenye soksi anauliza kwa nini dereva amepunguza mwendo. Lakini ukimya unaofuata kicheko ndio ulionifanya nikae na jambo hili. Maana ukiitafakari ile nusu, unaona kilichojificha ndani yake. Dereva aliyeliona wingu hatangoja limfikie. Atataka awe mbele kabla halijapasuka. Kwa hiyo mbio huchachamaa jua likiwa bado linawaka: madereva hugombea nafasi mzunguko wa tisini kama vile ni wa mwisho, hujipenyeza mahali ambapo siku nyingine wasingethubutu, na wanaogongana hugongana barabara ikiwa kavu kabisa.

Sasa ondoa Marekani, weka barabara ya Musoma hadi Busekera kupitia Makojo, kilomita 92, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ya changarawe. Saa tisa alasiri wingu linajijenga upande wa nchi kavu. Kijana wa bodaboda ana abiria wawili nyuma, mishikaki kama tunavyoiita, na anajua kwamba mvua ikimkuta kabla ya kivuko fulani cha korongo atalala huko. Anafanya nini? Anafungulia. Polisi wakija kuandika taarifa wataandika kwamba barabara ilikuwa kavu na hali ya hewa ilikuwa nzuri, na wataandika kweli.

Mjadala huu wa mvua na mbio niliusikia kwenye kibanda umiza, umeme ukiwa umekatika, mechi ya mpira haijaanza, na kijana mmoja akiwa na picha za Safari Rally ya Kenya kwenye simu. Magari yalikuwa yanazama kwenye tope la Naivasha. Kutoka hapo mazungumzo yakarukia Marekani, kwa nini wao mvua inawashinda. Vijana wakakubaliana haraka kwamba madereva wa siku hizi wamedekezwa. Kwamba wazee wa Safari ya zamani walikuwa wanaume, mvua haikuwasimamisha. Kulikuwa na mzee pembeni, mtu aliyeanza kazi akiwa utingo wa malori na kumaliza akiwa dereva. Akauliza, "Mjukuu wangu, nani amekwambia hawakusimama? Mwaka 68 yalitoka magari 93. Yakafika 7. Hayo mengine 86 yalikwenda wapi?"

Hesabu yake ni sahihi, na inastahili kuelezwa zaidi kwa sababu kizazi cha sasa kinaijua Safari kwa picha za dakika moja tu. Mbio zile zilianza mwaka 1953, kati ya Mei 27 na Juni 1, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Husimuliwa kwamba wazo la mwanzo lilikuwa kulizunguka Ziwa Viktoria. Hadithi hiyo huwapendeza sana watu wa Mara, maana hulizunguki ziwa hili kwa gari bila kupita kwao. Baadaye mbio zikawekwa kipindi cha Pasaka, yaani katikati ya masika, na hapo ndipo sifa yake ilipozaliwa. Hakuna aliyeomba radhi kwa ajili ya mvua. Mvua ilikuwa ndiyo mtihani. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka na 7 tu yakamaliza. Mwaka 1968 ikawa vilevile, 7 kati ya 93, na safari zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki pamoja na msoma ramani wake Paddy Cliff, ndani ya Peugeot 404. Katikati ya miaka hiyo, 1966 na 1967, kombe lilikuja Tanzania kwa mikono ya Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, akisomewa ramani na Chris Rothwell. Mwaka 1972, mbio zilipoanzia Dar es Salaam, ndipo dereva wa kutoka nje ya Afrika Mashariki aliposhinda kwa mara ya kwanza: Hannu Mikkola wa Finland.

Kwa miaka karibu 20, basi, wageni wenye magari ya viwanda na mishahara ya viwanda walikuwa wanakuja na kushindwa na wenyeji. Ukiwauliza wapenzi watakwambia wenyeji walijua njia. Ni kweli, lakini mimi naona walijua zaidi jambo jingine: walijua lini wasimame. Joginder Singh, aliyeshinda mwaka 1965, 1974 na 1976, aliingia Safari mara 22 na kumaliza 19. Katika mbio ambazo mwaka mmoja magari 86 yanabaki matopeni, mtu kumaliza 19 kati ya 22 hakukosi kuwa na uoga ndani yake. Naliandika neno uoga kwa heshima zote. Kuna uoga unaomshusha dereva kwenye gari, akavua viatu, akauvuka mto kwa miguu kupima kina chake, huku dakika zake za adhabu zinahesabiwa, kabla ya kuingiza tairi. Watazamaji hawaupigii makofi uoga huo. Hauna picha nzuri.

Halafu tope lenyewe lina huruma ambayo lami haina. Gari likinaswa kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi linazama taratibu, dereva anatoka, anatukana, anaomba wanakijiji wasukume, anatoa chochote. Uwanja wa Daytona kule Florida ni jambo jingine kabisa: lami iliyoinuliwa kwenye kona kwa nyuzi 31, magari zaidi ya 30 yakikimbia karibu kilomita 300 kwa saa, pua ya hili imegusa mkia wa lile. Na matairi yake ni kipara. Ndiyo, kipara kwa makusudi. Tairi lile ambalo askari wa usalama barabarani pale Bunda angekuandikia faini papo hapo, wao wanalifunga jipya likiwa hivyo, kwa sababu kwenye lami kavu mpira mtupu unashika kuliko wenye mifereji. Lakini maji hayana pa kukimbilia chini yake. Yakijikusanya, gari linaelea. Ndiyo maana wanasimama. Tena barabara wanaikausha, kwa malori yaliyofungwa injini za ndege zinazopuliza hewa ya moto. Mwaka 2012 mashindano ya Daytona 500 yalisogezwa kwa mvua kutoka Jumapili hadi Jumatatu usiku, na gari la Juan Pablo Montoya likaharibika kitu chini, likateleza, likaligonga mojawapo ya malori hayo. Mafuta ya taa yakamwagika barabarani na kuwaka. Watu wakatoka salama, mbio zikaisha baada ya saa sita usiku. Yaani ajali kubwa ya mbio zile zilizoahirishwa kwa ajili ya usalama ilihusisha chombo cha kukausha barabara. Kibandani walilipenda hili kuliko yote niliyowaeleza, na sikuwalaumu.

Kwamba mashabiki wanapenda ajali ni tuhuma ya zamani. Mimi siiamini yote. Februari 2020 Daytona 500 iliahirishwa tena kwa mvua, ikaendelea Jumatatu tarehe 17. Mzunguko wa mwisho kabisa, Ryan Newman akiwa mbele, gari lake liligongwa kwa nyuma, likapiga ukuta, likapinduka, likagongwa tena mlangoni kwake likiwa hewani, likateleza kwa paa huku linawaka. Watu waliokuwa wamengoja siku mbili ili waone mwisho walikaa kimya wakitazama mapazia meusi yaliyozungushiwa mabaki. Mshindi, Denny Hamlin, alishangilia kwa muda akiwa hajui kilichotokea nyuma yake, na timu yake ikaja kuomba radhi. Jumatano Newman alitoka hospitali kwa miguu yake, amewashika mikono mabinti zake wawili.

Alitoka hai kwa sababu ya watu wengine waliokwishakufa. Sijui namna nyingine ya kusema. Mei 2000 alikufa Adam Petty, kijana wa miaka 19. Julai, Kenny Irwin. Oktoba, Tony Roper. Na Februari 18, 2001, mzunguko wa mwisho wa Daytona, akafa Dale Earnhardt, bingwa mara saba, mtu ambaye kwa mashabiki wake alikuwa hafi. Gari lilipopiga ukuta, kichwa hakikushikwa na kitu. Kifaa cha kukishika kilikuwapo. Robert Hubbard, mwalimu wa chuo kikuu kule Michigan, pamoja na shemeji yake Jim Downing, ambaye alikuwa dereva wa mbio, walikuwa wamekibuni tangu mwanzo wa miaka ya 1980: kola inayokaa mabegani na kufungwa kwenye helmeti. Miaka ishirini karibu, madereva wengi hawakukitaka. Kinabana. Kinazuia kugeuka. Earnhardt mwenyewe alikuwa mmojawapo wa waliokikataa. Kabla mwaka ule wa 2001 haujaisha, kuvaa kizuia shingo ikawa amri, na mwaka uliofuata kuta za viwanja zikaanza kuwekwa tabaka la chuma na povu linalobonyea. Tangu siku ile hadi ya Newman, mbio kubwa za NASCAR hazikuwa zimemzika dereva mwingine aliyefia mashindanoni.

Nilipofika hapo kijana mmoja aliyekuwa amekalia kreti ya soda aligusa shingo yake. Helmeti yake ilikuwa inaning'inia kwenye usukani wa pikipiki pale nje, mahali ambapo huning'inia hata pikipiki ikiwa barabarani. Nilikaa kimya. Wazee wa huku hawampigi mtu aliyekwishaelewa.

Hapa ndipo naachana na wale wanaosema kwamba tatizo letu ni elimu. Mvuvi wa Bukima anaijua hali ya hewa ya ziwa hili kuliko anavyojijua mwenyewe. Anajua kwamba mchana upepo hutoka majini kwenda nchi kavu, na mawingu hujijenga juu ya ardhi. Kwamba usiku mambo hugeuka, hewa ya nchi kavu ikateremka ziwani kutoka pande zote, ikakutana katikati na kupanda, na radi zikaanza juu ya maji wakati hasa ambapo mitumbwi ya dagaa iko huko na taa zake. Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa tahadhari, redio inaitangaza, simu inaibeba mpaka mwaloni. Anajua. Na anakwenda, kwa sababu dagaa huvuliwa giza la mwezi likiwepo, na giza halidumu mwezi mzima. Ni ile nusu ya Wamarekani tena, imekuja kwa sura nyingine: muda una mpaka, wingu linaonekana, ngoja nikimbilie.

Julai 2023, upande wa Igundu wilayani Bunda, mtumbwi uliokuwa umewabeba waumini wakitoka ibadani ulizama, na mtumbwi uliokwenda kuwaokoa nao ukapinduka. Wengi waliokufa walikuwa watoto. Sitaongeza neno juu ya hilo, ila kuwakumbusha wanaozungumzia ushujaa kwamba wale wa mtumbwi wa pili walikuwa nao, na maji hayakuujali.

Tunayo mashindano yetu pia, na huko nimeona jambo linalowezekana. Kwa miaka kadhaa kampuni ya bia ilidhamini mbio za makasia kanda ya ziwa, Musoma ikiwa kituo kimojawapo na fainali zikifanyika Mwanza, timu za wanaume na za wanawake. Ukiyatazama mashindano ya aina hiyo utaona kitu cha ajabu: mwenye filimbi akisema ziwa limechafuka, tungoje, watu wanangoja. Wapiga kasia walewale ambao usiku wa jana walikwenda mbali zaidi, kwenye mawimbi makubwa zaidi, bila jaketi okozi, leo wameketi mchangani wakitafuna miwa, jaketi mwilini, wakimngoja mtu mmoja mwenye filimbi. Ujasiri wao uko palepale na elimu yao haijaongezeka tangu jana. Kilichobadilika ni kwamba leo kungoja hakuwagharimu. Zawadi itakuwapo saa nne, itakuwapo saa nane. Mpinzani naye amekaa. Hakuna anayepitwa.

Hicho ndicho bendera nyekundu ya NASCAR inachokifanya, kuliko kuzuia ajali kwenyewe: inawasimamisha wote kwa pamoja, ili kusimama kusiwe hasara ya mmoja. Na gharama ya kungoja inagawanywa. Televisheni inabeba sehemu yake, wenye uwanja wanabeba yao, shabiki aliyekata tiketi anaruhusiwa kurudi nayo kesho, na kama kesho ana kazi, basi naye amebeba yake. Dereva analipwa. Sheria yao ya nusu imeacha tundu kubwa, nimeshalisema, lakini tone likishaanguka hakuna dereva anayelazimika kuchagua kati ya shingo yake na nafasi yake.

Huku kwetu bendera nyekundu kila mtu anajipeperushia mwenyewe. Dereva wa haisi akisimama kwenye kijiji kungoja mvua ikatike, abiria watateremka na kupanda ya nyuma, na konda atamtazama kama mtu aliyefilisi familia. Kuna vifaa vya LATRA kwenye mabasi siku hizi, vinalia mwendo ukizidi. Nimewahi kukaa kwenye basi ambalo kilio kile kilipoanza abiria walimwambia dereva akizime, wanataka kulala. Sisi watazamaji na abiria tuna sehemu kubwa katika jambo hili kuliko tunavyopenda kukiri. Mwaka 1986, kwenye mbio za rally za Ureno, dereva alishindwa kulidhibiti gari lake akijaribu kuwakwepa watazamaji waliojazana njiani, likaingia katikati ya wengine na kuwaua. Madereva wa timu kubwa walikusanyika hotelini wakakataa kuendelea. Mwaka huohuo, Mei, dereva Henri Toivonen na msoma ramani wake Sergio Cresto wakafa kwenye mbio za Corsica, na aina ya magari waliyokuwa wakiendesha ikapigwa marufuku. Mbio hazikufa. Lakini ilibidi madereva wakatae wote siku moja. Mmoja akikataa peke yake anaitwa mwoga na kiti chake kinapewa mwingine kabla ya chakula cha jioni.

Mzee wa malori alisema enzi zake walikuwa wanafanya hivyo bila kuambiwa. Mto ukijaa, lori la kwanza likisimama, la pili halikupita hata kama lingeweza. Ilikuwa aibu kupita. Walipika ugali, wakalala chini ya turubai, wakangoja siku mbili. Kijana mmoja akamuuliza, tajiri wa lori alikuwa anasemaje? Mzee akacheka. "Tajiri alikuwa Mwanza. Hakuwa na simu."

Lile swali la tajiri liliniandama, na siku nyingine nikampelekea mtu mmoja wa hapa mwenye pikipiki kadhaa alizozikabidhi kwa vijana wa kijiwe, kila mmoja akimletea hesabu jioni. Nikamweleza habari za wingu la saa tisa. Nikamuuliza kama anaweza kusamehe hesabu siku ambayo kijana ameegesha kungoja mvua ipite. Alifikiri kwa uaminifu, hilo namshuhudia. Akasema siku ya msiba huwa anasamehe, hata mbili, tena bila kudaiwa. Mvua je? "Mwalimu, mwezi wa nne mvua inanyesha kila siku. Nitakula nini?"

Nikamwambia, basi asamehe nusu.

"Nusu tunaweza kuongea," akasema. "Lakini nitajuaje kama kweli aliegesha?"

Tukaanza kubishana kuhusu hilo, na mpaka naandika haya hatujamaliza. Yeye anataka kijana apige picha ya pikipiki ikiwa chini ya mti, ionyeshe na mvua. Mimi nasema picha ya mvua inaweza kuwa ya juzi. Vijana wenyewe, waliposikia, walisema nyote wawili mnatuona wezi, wekeni saa. Wingu likionekana, mwenyekiti wa kijiwe apige kelele, wote waegeshe, na hesabu ya saa hiyo ikatwe kwa wote. Mwenye pikipiki anasema atakubali kama wenye pikipiki wengine wanne watakubali, kwa sababu hataki kuwa peke yake. Wawili wameshasema ndiyo. Wa tatu yuko Tarime, anarudi Jumamosi.